Seva ya Tano Ije Kabla Hifadhi Haijajaa

Miaka michache iliyopita, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mama mmoja aliletwa kupimwa tena kichwa kwa kipimo cha CT. Daktari hakuhitaji picha mpya peke yake. Alitaka kuiweka kando ya ile ya miezi minane nyuma, aone kama uvimbe ulikuwa umekua. Picha ya zamani ilikuwapo, haikupotea wala kuharibika, lakini ilichukua dakika arobaini kufunguka. Asubuhi ileile mafundi walikuwa wameongeza seva mpya katika hifadhi ya picha, na hifadhi nzima ilikuwa ikihamisha data zake. Idara ya mionzi haikuwa imeambiwa neno. Sisi tuliokuwa zamu tulimweleza mama yule kwamba mtandao unasumbua, jambo ambalo halikuwa kweli, kwani mtandao siku hiyo ulikuwa ukifanya kazi kupita kawaida yake. Akaniuliza kama picha yake ya kwanza imepotea. Nilimjibu hapana, nami sikuwa na hakika.

Tangu siku ile naamini kwamba kuongeza seva hospitalini ni sehemu ya tiba, na kwamba sisi wa wodini hatuna haki ya kuiachia ofisi ya TEHAMA peke yake.

Tutazame kwanza ukubwa wa mzigo. Kipande kimoja cha picha ya CT kwa kawaida kina nukta 512 kwa 512, nacho huchukua takriban nusu megabaiti. Kipimo chenye vipande 500 ni megabaiti 250. Hospitali inayopima wagonjwa 20 kwa siku hujaza gigabaiti 5 kila siku, yaani terabaiti 1.8 hivi kwa mwaka, kabla ya kuhesabu eksirei na MRI. Data hizo zikihifadhiwa kwa nakala tatu, mzigo unapita terabaiti 5. Nimehudhuria hafla za kukata utepe mbele ya mashine mpya za CT. Bado sijaona utepe ukikatwa mbele ya kabati la seva.

Mfumo ninaoufahamu vizuri zaidi ni Ceph, programu huria iliyotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, nchini Marekani, ambao ulikuwa tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2007. Ndani ya Ceph hakuna daftari kuu la kuonyesha kila kipande cha data kimewekwa wapi. Mahali pa kila kipande hukokotolewa kwa kanuni, kwa kutumia ramani ya seva zilizopo. Kwa desturi kila kipande huwa na nakala tatu katika seva tatu tofauti, hivyo seva moja ikifa picha ya mgonjwa haipotei.

Lakini ramani ikibadilika, majibu ya hesabu nayo hubadilika. Seva nne zenye ukubwa sawa zikiwa tano, karibu sehemu moja ya tano ya data zote hulazimika kuhamia katika seva mpya. Ikiwa zimeandikwa terabaiti 40, basi 8 zitasafiri. Seva hiyo ikiunganishwa kwa waya wa gigabiti 1 kwa sekunde, ambao haupitishi zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde, safari hiyo itachukua karibu saa 18, hata pasipo daktari mmoja anayefungua picha. Wauguzi wanajua kwamba mgonjwa aliyepungukiwa sana na damu haongezwi damu kwa haraka, moyo usije ukalemewa. Hapa pia ipo njia ya polepole: seva mpya hupewa uzito mdogo kwanza, kisha ukaongezwa siku baada ya siku, na kasi ya uhamishaji ikawekewa kikomo saa za kliniki.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kusubiri. Seva nne zikiwa zimejaa asilimia 80, kisha moja ikafa, tatu zilizobaki zingetakiwa kubeba asilimia 107 ya uwezo wao. Haiwezekani. Ceph yenyewe, mipangilio yake isipobadilishwa, huonya diski inapofika asilimia 85, na kwenye asilimia 95 huzuia kuandika. Kwa hospitali yenye seva nne, onyo la asilimia 85 linakuja maji yakiwa yamekwisha kupita shingoni. Ningependa ombi la kununua seva ya tano liandikwe hifadhi ikifika asilimia 60, kwa sababu zabuni zina mwendo wake na mizigo bandarini ina wake.

Mganga mfawidhi ataniuliza kama fedha hizo si bora zinunue glavu na dawa. Swali lake ni la haki. Lakini picha isiyopatikana hupigwa upya: mgonjwa hulipa mara ya pili, na mwili wake hupokea mionzi mara ya pili.

Wala asidanganyike mtu kwamba seva nyingi ni akiba. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika hospitali za huduma ya taifa ya afya nchini Uingereza. Faili likifutwa au likifungwa na kirusi, mfumo wa nakala tatu huyaandika mabadiliko hayo kwa utii mara tatu, na seva ya tano haizuii hilo. Nakala ya akiba lazima ikae nje ya mfumo, mahali ambapo kirusi hakifiki.

Nawe mgonjwa, unapopimwa, omba picha zako katika diski uende nazo nyumbani. Kwa wenzangu wa TEHAMA ombi langu ni dogo: kabla ya kuwasha seva mpya, bandikeni tangazo mlangoni pa chumba cha mionzi na pa chumba cha upasuaji, lenye siku, saa ya kuanza na namba ya simu ya fundi aliye zamu anayeweza kusimamisha uhamishaji mara moja tukimwita.