KAZI YA KAMERA: Kulainisha Mwanga wa Flashi Arusini

Hapana mtu arusini mwenye kazi ya haraka kuliko mpiga picha. Bibi arusi ataingia ukumbini mara moja tu; pete itavikwa mara moja; na nyanya aliyesafiri kutwa nzima kwa basi ili ambariki mjukuu wake, huenda asipigwe picha nyingine maishani. Picha hiyo ndiyo itakayotundikwa ukutani atakapokuwa hayupo. Basi ni jambo la kusikitisha kuona picha yenyewe ikiletwa nyumbani, na juu ya kipaji cha uso wake pana waa jeupe kama sarafu mpya, macho yamefinyika, na ukutani nyuma yake kivuli cheusi kimesimama kama mtu wa pili.

Kosa si la kamera. Ni la flashi iliyofungwa juu ya kamera na kuelekezwa usoni moja kwa moja.

Watu wengi hudhani ya kwamba mwanga huo huharibu sura kwa kuwa ni mwingi mno, na kwamba dawa yake ni kuupunguza. Dhana hii ni ya zamani. Flashi za balbu, zilizoanza kuuzwa Ujerumani mwaka wa 1929, zilikuwa na nguvu nyingi, na kila balbu iliwaka mara moja tu kisha ikatupwa. Katika miaka ya 1950 wapiga picha walizoea kufunga kitambaa cheupe cha mfukoni mbele ya taa, na kila tabaka la kitambaa lilipunguza mwanga kwa karibu nusu. Jambo hili liliwafaa walipokuwa karibu mno na mtu, lakini kivuli kilibaki na ukali wake uleule. Sababu yake ni kwamba ulaini wa mwanga hautokani na uchache wake, bali na upana wa mahali unapotoka, ukilinganishwa na umbali wa anayepigwa picha.

Ushahidi uko angani. Saa sita mchana pasipo na wingu, kivuli cha mtu huwa kana kwamba kimekatwa kwa kisu, maana mwanga wote watoka mahali padogo. Wingu jeupe likilifunika jua, mbingu nzima hugeuka kuwa taa, na vivuli huyeyuka. Uso wa flashi ya kawaida una upana wa sentimita 7 au 8 hivi. Ukifunikwa kwa kile kifuniko cheupe cha plastiki kinachouzwa madukani, upana huo hauongezeki ila kidogo sana.

Hata hivyo kifuniko hicho si cha kutupwa. Ndani ya chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe, hutawanya mwanga pande zote, nao hurudi kutoka darini na ukutani. Hapo kuta ndizo zinazolainisha, wala si plastiki. Uwanjani, au chini ya hema kubwa, mwanga uliotawanywa huenda zake na haurudi. Hasara yake yaweza kuhesabiwa. Flashi iwezayo kumwangaza mtu aliye mita 8 mbele, ikinyang'anywa nusu ya mwanga wake, itafika kama mita 5 na nusu. Ikinyang'anywa robo tatu, itafika mita 4 tu. Kwa kamera za siku hizi yawezekana kuirudisha hasara hiyo kwa kupandisha ISO kutoka 100 hadi 400, lakini hakuna haja ya kulipia gharama ambayo haikuleta faida.

Dari jeupe lisilo juu sana ni bora kuliko kifuniko chochote. Mpiga picha akiinua kichwa cha flashi kuelekea darini, doa la mwanga lenye upana wa mita moja au zaidi hutokea huko juu, nalo ndilo linalomwangaza mtu. Upungufu wake ni kwamba macho yaweza kuingia kivuli. Kwa hiyo kipande cha karatasi nyeupe ngumu hufungwa nyuma ya kichwa cha flashi, ili kirushe mwanga kidogo mbele. Kuna wanaopenda zaidi kuugeuza mwanga kwenye ukuta mweupe ulio kando, na picha zao hufanana na zile za mtu aliyeketi karibu na dirisha. Hawa yafaa waigwe.

Lakini mwanga hubeba rangi ya mahali unapogonga. Pazia la kijani litampa bibi arusi uso wa mgonjwa. Na mabati makavu yasiyo na dari hayaaminiki, kwani hurudisha mwanga kwa mistari mistari. Mahali kama hapo, heri kitambaa cheupe kilichotandazwa juu ya fremu pana mbele ya flashi, nacho kiletwe karibu na watu kadiri adabu inavyoruhusu.

Kwa ngozi nyeusi upana huu una faida kubwa. Ngozi hiyo huonyesha umbo la uso kwa mng'ao wake zaidi kuliko kwa vivuli. Taa ndogo ikigonga jasho hufanya waa. Taa pana huutandaza mng'ao uleule shavuni taratibu, na uso ukaonekana mzima. Kujipangusa kwa kitambaa kabla ya picha pia husaidia, wala si aibu kumwomba bwana arusi afanye hivyo.

Lipo tatizo la nguo. Flashi inayojipimia yenyewe hudanganywa na gauni jeupe lililojaza picha, ikapunguza mwanga. Suti nyeusi nayo huifanya izidishe. Kwa hiyo maarusi wasijaingia, msaidizi na asimame penye meza yao, amevaa koti jeusi na kushika kitambaa cheupe kifuani. Nyuzi za kitambaa zikionekana, na vifungo vya koti vikahesabika, kipimo ni hicho. Na kwa kuwa kuupiga mwanga darini humaliza betri upesi, seti ya pili na iwe mfukoni, si garini.