Sahihi ya Nairobi, Bahari ya Kiunga

Jioni ukikaa Mama Ngina na mihogo yako ya kukaanga, unaziona meli zikikata kona kuingia Kilindini. Bahari ile haina ukuta, lakini ina mipaka, na mipaka hiyo hupangwa kwa makaratasi. Barazani nasikia watu wakisema mikataba ni mambo ya Nairobi. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni kesi yetu na Somalia.

Tarehe 7 Aprili 2009, mawaziri wawili walitia sahihi hati ya maelewano mjini Nairobi: Moses Wetang'ula, waziri wetu wa mambo ya nje wakati ule, na Abdirahman Abdishakur Warsame, waziri wa mipango wa Somalia. Kila nchi ilikubali kutopinga madai ya mwenziwe mbele ya tume ya kimataifa inayochunguza ardhi iliyo chini ya bahari. Mwaka huohuo Bunge la Somalia likaikataa hati hiyo.

Somalia ilipotushitaki mwaka 2014 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Kenya iliitegemea hati ileile ili kuizuia kesi. Somalia ikajibu kwamba Bunge lao halikuiridhia. Tarehe 2 Februari 2017 mahakama ikasema: huu ni mkataba, na unafunga. Kuitwa "maelewano" hakuupunguzii uzito. Hati yenyewe ilisema itaanza kazi ikitiwa sahihi. Rais, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje hawahitaji barua ya kuwapa mamlaka. Warsame aliihitaji, na alikuwa nayo kutoka kwa waziri mkuu wake. Kisingizio cha sheria za nyumbani hakikumfaa. Ahadi ni deni, hata baina ya dola.

Kenya ilishinda hoja hiyo, lakini haikuizuia kesi, kwani mahakama iliona hati haikuifungia mlango. Tarehe 12 Oktoba 2021 ukachorwa mstari ambao si ule tulioudai. Serikali yetu ikaukataa uamuzi. Katikati ya mvutano huo yuko mvuvi wa Kiunga, anayefuata samaki na wala si ramani.

Ndiyo maana nasema tuamke kabla ya wino kukauka. Katiba ya 2010 inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria zetu. Sheria ya mwaka 2012 ya Kutunga na Kuridhia Mikataba inataka mikataba ya mipaka, mazingira na maliasili ipite Baraza la Mawaziri na Bunge la Taifa, na kamati ya Bunge ihakikishe wananchi wameshirikishwa. Lakini sheria hiyohiyo inaiacha nje mikataba ya nchi mbili inayohusu mambo ya kiufundi na ya kiutawala. Hapo ndipo penye hatari: ukiiita hati ya bahari "ya kiufundi", inapita kando yetu.

Basi vikundi vyetu vya wavuvi, wazee wa mitaa na wabunge wa Pwani waulize swali moja kila wanaposikia neno "maelewano": je, inaanza kazi lini? Ikiwa jibu ni siku ya sahihi, maoni yetu yatolewe kabla ya siku hiyo. Kesho yake tutakuwa tunalalamika tu, na mstari umeshachorwa.