Programu zinazofunika kioo chote cha simu zawaweka watuma fedha mashakani

MKULIMA wa iliki wa Zirai, katika milima ya Usambara, kabla ya kutuma fedha kwa simu hutazama mstari wa juu wa kioo: mtandao upo? Chaji inatosha? Programu inayotanda kioo chote huuficha mstari huo. Mtandao ukikatika asijue, hubaki na shaka kama fedha zimekwenda, na huenda akatuma mara mbili.

Android iliruhusu hali hiyo mwaka 2013, katika toleo la 4.4, na kwa filamu na michezo haina ubaya. Toleo la 15 la mwaka 2024 halifichi alama, lakini programu zilizotengenezewa toleo hilo hutandazwa hadi ukingoni. Mtengenezaji asipoacha nafasi chini, kitufe cha kuthibitisha malipo huangukia nyuma ya vile vya kurudi. Huo ni uzembe, wala si urembo.

Menyu ya M-Pesa ya *150*00#, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, haina mashaka hayo. Hufunguka hata kwenye simu ya kitochi, na kwenye simu ya kisasa alama za mtandao huendelea kuonekana juu yake.