BEI TWAISIKIA, MAFUTA YAKO WAPI?

Ndugu wanachama, ZURA iliundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, na kila mwezi Visiwani hutangaziwa bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Jambo hilo hatulipingi. Mfanyabiashara asiyewekewa mpaka twamjua. Lakini bei ya karatasini haiendeshi mashua. Mafuta yetu huja kwa meli, na meli ikichelewa mvuvi wa Pemba haulizi bei, huuliza kama yapo. Basi twaidai Serikali: katika kila tangazo iandikwe pia akiba iliyomo matangini, Unguja mbali na Pemba mbali, na yatosha siku ngapi. Hiyo si siri ya dola, wala hatutaacha kuiuliza.