Motakaa ya Zamani Inapokawia Kuwaka

Wako wenye motakaa wengi ambao, kila asubuhi ya baridi, hufungua boneti kabla hawajanywa chai. Mkulima wa Kinangop mwenye pikapu ya Peugeot 504 apaswa kufikisha maziwa yake barabarani kabla lori la chama cha ushirika halijapita. Naye karani apaswa kuwa mezani pake saa mbili kamili. Motakaa ikikataa kuamka, maziwa huchacha na siku hupotea. Aghalabu mtu huyo huenda moja kwa moja dukani akanunua betri mpya, kwa fedha ambazo zingalilipa karo ya mtoto. Betri hiyo huiwasha motakaa majuma mawili au matatu, kisha taabu ile ile hurudi.

Hatuna ugomvi na wauza betri. Twasema tu kwamba betri iwe ya mwisho kuhukumiwa.

Kwanza, msomaji, sikiliza. Magonjwa ni mawili, na watu huyachanganya. Katika ugonjwa wa kwanza stata huzungusha injini kwa uzito, kama mtu apandaye mlima na gunia kichwani. Katika wa pili injini huzunguka kwa wepesi lakini haishiki moto. Ule wa kwanza ni wa umeme mara nyingi. Wa pili ni wa petroli au cheche. Anayesafisha plagi huku stata ikizunguka kwa uzito ajisumbua bure.

Tuanze na ule wa kwanza, maana ndio ulao fedha za watu. Balbu ya taa kubwa ya mbele hutumia ampea 5 hivi. Stata huweza kutaka 150 au zaidi. Kwa hiyo kiungo chenye kutu, kipitishacho umeme wa taa bila shida, chaweza kuikaba stata kabisa. Kizuizi cha sehemu moja ya mia ya omu, ambacho macho hayawezi kukiona, hula volti moja na nusu wakati stata inapovuta ampea 150. Betri yenye volti 12 haina akiba ya kupoteza namna hiyo.

Mita ndogo ya kupimia volti haina bei kubwa, na yafaa iwe katika kila nyumba yenye motakaa ya zamani. Betri nzima, ikiwa imepumzika usiku kucha, huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Weka gia huru, ufunge breki ya mkono, uchomoe waya mwembamba uletao umeme kwenye koili ili injini isiwake. Sasa shikiza ncha moja ya mita kwenye risasi yenyewe ya kichwa hasi cha betri, si kwenye kibano chake, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini. Mwombe mwenzako azungushe stata kwa muda mfupi. Mita ikipita nusu volti, umeme unapotelea njiani, na betri mpya haitakufaa kitu.

Asiye na mita awashe taa za mbele, kisha azungushe stata. Taa zikififia karibu kuzimika, atazame betri na vibano vyake. Zikibaki na mwanga mwema huku stata ikizunguka kwa uzito, basi kizuizi ki katika nyaya za stata, au katika stata yenyewe.

Mahali pasahaulikapo kuliko pote ni ule waya mpana uliosukwa, uungao injini na bodi. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya huo ukioza, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na pengine hupita katika kamba ya chuma ya choki mpaka ikawa ya moto mkononi. Tena umeme wa kuchaji betri hupita njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu betri mpya nayo hudhoofika upesi.

Kusafisha si kazi ngumu, ila ina taratibu zake. Usivute sigara hapo, kwa kuwa betri hutoa hewa iwezayo kulipuka. Fungua kwanza waya ulioshikamana na bodi, ili spana ikigusa chuma isirushe moto. Katika 504 waya huo ni wa hasi. Lakini Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 hivi ziliunga chanya kwenye bodi, basi tazama kabla ya kushika. Osha ule unga mweupe kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi.

Viungo vyote vikiwa safi na stata bado nzito, brashi zake zimekwisha au shimo lake limelika. Hapo mwite fundi wa umeme.

Ugonjwa wa pili ni mwepesi zaidi. Motakaa iliyolala siku kadhaa huweza kukaukiwa petroli katika karbureta, na pampu huhitaji mizunguko kadhaa kuirudisha. Na huku juu, mita 2,400 na zaidi kutoka baharini, hewa imepungua karibu robo kuliko ya Mombasa. Karbureta iliyopimwa pwani humwaga petroli ya kupita kiasi, na mwenye kuivuta choki kwa muda mrefu hulowesha plagi. Ukisikia harufu ya petroli, rudisha choki, kanyaga mafuta mpaka chini bila kupampu, uzungushe kwa nukta kumi, kisha ipumzishe stata dakika nzima.

Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari mwaka 1975, na wenye pikapu hizo hupenda kulitaja jambo hilo. Sifa hiyo haijapata kusafisha kibano cha betri cha mtu yeyote.

Ukimpelekea fundi motakaa yako, mwambie namba ulizozipata. Akikujibu kwamba ununue betri kwanza, mwombe aupime ule waya wa injini mbele ya macho yako.