"Koloni" au "makazi": neno lililotugombanisha

Katika zoezi moja la tafsiri mwaka huu, promosheni yetu ilipewa tangazo la mkutano unaoandaliwa kila mwaka na National Space Society, chama cha Marekani kinachotaka binadamu aende kuishi nje ya dunia. Mambo yake ni matatu: kuchunguza anga, kukaa huko, kufanya biashara huko. Uchunguzi haukutusumbua, biashara vilevile. Tuligombania lile la katikati. Nusu ya auditwari waliandika "koloni", maana Kifaransa husema "colonisation de l'espace" bila kuona haya. Wengine tuliandika "makazi", tukifuata "settlement" ya Kiingereza. Asistenti alituomba tuchague moja tusonge mbele. Mimi nimerudi nyuma: nilikuwa upande wa makazi, nimehama.

Hoja yetu ilikuwa kwamba "koloni" ni neno lenye kidonda, na Mwezini hakuna mwenyeji wa kufukuzwa, basi kidonda cha nini? Lakini koloni haikuwa kufukuza watu tu. Ilikuwa pia karatasi. Mwaka 1900 iliundwa Comité Spécial du Katanga, na 1906 Union Minière. Ardhi na mawe ya huku yaligawanywa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuyakanyaga.

Karatasi za anga nazo zimeanza. Mkataba wa Anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi au nyota nyingine, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kutumia, kwa kukalia, au kwa njia yoyote ile. Mwaka 2015 Marekani ilitunga sheria kwamba raia wake akichimba jiwe huko juu, alichokipata ni mali yake na anaweza kukiuza. Luxembourg ilifuata 2017. Desemba 2022 jirani yetu Rwanda, pamoja na Nigeria, zilitia sahihi Mapatano ya Artemis, yanayosema kwamba kuchimba si lazima kuwe ni kujimilikisha. Watetezi wake hutoa mfano wa mvuvi: anayevua samaki hadai bahari. Mfano mtamu, ila samaki huzaa, jiwe halizai. Waulizeni wa Kolwezi.

Sisi wa lugha tuna la kusema hapa. Tazameni neno "rasilimali", ambalo sote tuliliandika bila kufikiri. Limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtaji. Ukishaliita jiwe la Mwezini rasilimali, umekwisha kuliweka dukani kabla mwanasheria hajafungua kinywa. "Kujimilikisha" ni kinyume chake: ile -ji- inamtaja mtendaji na kumwonyesha kidole. "Appropriation" ya Kifaransa haifanyi hivyo. Inapita kimya, haina mwenyewe.

Na tusijifanye kwamba habari hizi ni za wageni. Mwaka 1976 Zaire ilifanya mambo mawili ambayo bado sijaweza kuyapatanisha. Ilikubaliana na OTRAG, kampuni ya Kijerumani ya Lutz Kayser, kuipa eneo la kilometa za mraba zipatazo 100,000 kaskazini mwa Shaba kwa ajili ya kurusha roketi. Desemba mwaka uleule, huko Bogotá, ilikuwa pamoja na Colombia, Ecuador, Kenya, Uganda, Indonesia na Congo ya Brazzaville kutangaza kwamba njia ya satelaiti iliyo juu ya ikweta, kilometa karibu 36,000, ni mali ya nchi zilizo chini yake. Yaani tulidai mbingu huku tukikodisha ardhi! Dai la Bogotá halikukubaliwa na wakubwa. Roketi za kando ya mto Luvua zilirushwa mara tatu. Ya tatu, Juni 1978, iligeuka na kuanguka mbele ya macho ya Mobutu. Mwaka 1979 kampuni ikaambiwa iondoke.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Tangazo linapozungumzia hewa ya kuvuta, vyakula na mahali pa kulala, tuandike "makazi". Linapofikia umiliki na faida, tuandike "koloni", na msomaji ashituke.

Nawaomba pia walimu wetu: badala ya tangazo, tupeni mkataba wenyewe. Nakala zake rasmi ziko katika lugha tano: Kiingereza, Kirusi, Kifaransa, Kihispania na Kichina. Nimejaribu kifungu cha kwanza peke yangu. Kifaransa kinasema uchunguzi na matumizi ya anga ni "apanage" ya wanadamu wote, Kiingereza kinasema "province". La kwanza lilikuwa fungu alilopewa mtoto mdogo wa mfalme, la pili ni jimbo. Nimeandika "fungu", nimefuta, nimeandika "milki", nimefuta. Mwenye neno aniletee.