Kikombe cha chai si kipimo cha oili ya boti

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja hapa Rumonge aliacha kuja shuleni. Baada ya wiki moja nilikwenda kwao. Nilimkuta baba yake amekaa mbele ya moteri iliyofunguliwa, pistoni imechubuka na kung'ang'ania ndani ya silinda. Injini ilinoki usiku, wakiwa mbali ziwani wakivua ndagala, wakapiga makasia hadi alfajiri. Mtoto sasa anavuta nyavu kwenye boti ya jirani ili familia ipate kula.

Nilimwuliza mzee anachanganya oili kiasi gani. Akajibu: "Mwalimu, kikombe kimoja cha chai kwa dumu. Oili imepanda bei."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye kasoro. Injini kuukuu za mipigo miwili, ambazo ni nyingi katika Ziwa Tanganyika, hazina sehemu yake ya kuhifadhi oili kama gari. Oili huingia pamoja na petroli, hulainisha pistoni na beringi, kisha huungua. Ukipunguza oili, unaondoa kinga pekee iliyopo kati ya chuma na chuma.

Mimi nilisoma ukimbizini, Mishamo nchini Tanzania, na tulirudi Burundi mwaka 2008. Kule tulifundishwa uwiano kwa Kiswahili, na hesabu hii ni ya uwiano tu. Injini nyingi za miaka ya karibuni huandikiwa 50:1, yaani oili mililita 400 kwa dumu la lita 20. Za zamani zaidi huandikiwa 25:1, yaani mililita 800. Kikombe cha mililita 200 kinatoa 100:1, kipimo ambacho ni injini chache tu zilizotengenezewa.

Wapo wanaosema oili nyingi nayo ni hasara. Ni kweli: moshi huzidi, plagi huchafuka, injini huwa nzito kuwaka. Lakini plagi husafishwa kwa dakika chache, pistoni iliyonoki haisafishwi. Kwa hiyo aliyenunua injini ya mkononi bila kitabu amwulize fundi anayeijua aina hiyo, na akiwa bado na shaka aegemee upande wa oili nyingi. Aliyebadilisha pistoni naye aizoeze injini kwa oili nyingi zaidi saa za mwanzo, kama kitabu kinavyoelekeza.

Aina ya oili nayo ina maana. Tafuteni chupa yenye alama TC-W3, ambayo ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji. Oili ya gari haifai kabisa, na ile ya pikipiki imekusudiwa injini zinazopozwa kwa hewa. Kuhusu petroli, injini hizi hazihitaji ile ya bei ya juu. Zinahitaji iliyo safi. Wakati wa uhaba wa petroli wa 2024 na 2025 wengi wetu tulinunua ya vichochoroni. Iacheni itulie kwenye chombo cha kuonekana ndani: maji yakiwemo hushuka chini. Mwageni hayo, chujeni, ndipo mchanganye.

Kwa maoni yangu, lawama zote tusiwabebeshe wavuvi. Maelezo ya injini huja kwa Kiingereza au Kifaransa, na mara nyingi hayaji kabisa. Kamati za mialo zichore vipimo hivi ukutani, kwa Kiswahili na Kirundi, na ziweke chupa moja yenye alama za mililita kwa matumizi ya wote. Sisi walimu tuliopo kando ya ziwa tufundishe uwiano kwa dumu na chupa ya oili badala ya maembe ya kwenye vitabu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yule baba aliokoa mililita 200 za oili kila dumu. Dawati la mwanawe bado liko tupu.